Mgeni ana siku moja Kigamboni: mnampeleka wapi, na saa ngapi?

#1 Mpwani_wa_Mjimwema
Wakuu, habari za jioni. Nyuzi za "fukwe nzuri Kigamboni", ng'ambo ya bandari ya Dar, ziko nyingi humu na karibu majibu yote ni majina ya hoteli. Mimi nina hoja tofauti. Mgeni akirudi mjini analalamika kwamba Kigamboni hakuna kitu, mara nyingi mahali hapakuwa na shida. Shida ilikuwa saa.

Pwani ya Mjimwema ni tambarare. Siku za bamvu tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa Dar inapita meta 3, kwa hiyo yakikauka bahari inakwenda mbali na mgeni anabaki anatembea kwenye matope na majani, maji yakimfika gotini. Anapiga picha mbili, anakaa kwenye kiti, anaondoka.

Kanuni yenyewe ni rahisi, angalieni mwezi:

Bamvu (mwezi mwandamo na mwezi mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata): maji hukauka kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, hujaa kati ya saa 10 na saa 11 jioni.

Maji mafu (mwezi wa siku 7 hadi 9, na 21 hadi 23): hujaa saa 4 hadi saa 5 asubuhi, hupwa jioni. Hayajai sana wala hayakauki sana.

Siku za katikati, ongeza dakika 50 hivi kila siku.

Mgeni anayetaka kuogelea asubuhi apelekwe siku za maji mafu. Siku za bamvu avuke baada ya chakula cha mchana, aingie majini saa 8 maji yakiwa yanapanda. Naomba kuwasilisha.

#2 Kinyozi_wa_Tungi
Nimeweka kambi hapa. Na ratiba ya kivuko iwekwe.

#3 Foleni_Nyoosha
Mkuu #1, hesabu yako ya maji haina tatizo, ila inamhusu mtu aliyekwishafika. Wageni wengi siku yao inaishia Magogoni, kwenye kivuko upande wa mjini. Mtu anatoka Mbezi na gari saa 4 Jumapili, anapanga foleni ya magari, pantoni moja inajaa, ya pili inajaa, huku watembea kwa miguu wanampita kama maji.

Utaratibu ni huu. Gari iachwe mjini. Uvuke kwa miguu. Nauli ya mtu mzima ni shilingi 200, unalipa kwa kadi ya N-Card, na kadi iwe na salio kabla hujafika getini. Kuvuka kwenyewe ni dakika chache, kinachokula muda ni kusubiri. Ukiona pantoni imesimama bila sababu, tazama mdomo wa bandari: kuna meli inaingia au inatoka, na meli ndiyo inayopishwa. Ukishuka upande wa pili bajaji, bodaboda na daladala zote ziko pale pale. Mikadi ni kilometa 2 hivi, Mjimwema ni kama 7.

Mkilazimika kuvuka na gari, dereva anabaki nayo, abiria wanashuka na kupanda kwa miguu. Wazee na watoto waambiwe mapema, maana pale getini watu wanasukumana na familia zinapoteana.

#4 Dogo_wa_Kibada
Kwani lazima pantoni? Daraja la Nyerere lipo tangu 2015, meta 800 za lami safi. Pita juu, mchezo umeisha.

#5 Fundi_Mizani
@Dogo_wa_Kibada daraja lilifunguliwa Aprili 2016 na urefu wake ni meta 680. Linatoka Kurasini kwenda Vijibweni. Magari yanalipa, mtembea kwa miguu anapita bure.

Njia nayo inategemea mgeni anatokea wapi. Anayetoka uwanja wa ndege hana sababu ya kuingia Posta kabisa: Barabara ya Nyerere hadi Tazara, kata Mandela, nyoosha hadi Kurasini, panda daraja, tokea Kibada, shuka Mjimwema. Anayetoka Posta au Kariakoo na hana gari, kivuko kinampa safari fupi na mandhari nzuri kuliko zote za mji. Anayetoka Mbezi au Tegeta ana hesabu ngumu njia zote mbili, aondoke mapema.

Kusimamisha gari juu ya daraja ili kupiga picha hairuhusiwi. Anayetaka picha alitembee kwa miguu. Na kwenye kivuko kamera zitulie: Ikulu iko jirani na bandari iko mbele yako. Mgeni hajui hilo, mwenyeji ndiye wa kumwambia.

#6 Baharia_Kavu
Maji sawa, foleni sawa. Nyote mmesahau upepo.

Pwani ya Kigamboni inatazama bahari kuu. Haina ghuba ya kuikinga kama Msasani. Kusi ikishika, hasa Juni hadi Agosti, asubuhi bahari inaweza kuwa shwari na ikifika saa 6 mchana imechafuka, mchanga unaruka, mwavuli haukai. Wakati huo hata maji yakijaa saa 10 jioni kama anavyosema #1, mgeni anakuta mawimbi yanayompiga kifuani. Kaskazi, Desemba hadi Machi, maji ni mazuri zaidi ila jua ni kali na hewa nzito. Kati ya masika na kusi, na tena Oktoba na Novemba kabla mvua za vuli hazijakolea, ndiyo miezi ya kumleta mtu.

Kwa hiyo mimi nasema tatizo la wageni ni msimu. Saa inakuja baadaye.

#7 Mpwani_wa_Mjimwema
@Baharia_Kavu mgeni hachagui msimu, ana likizo yake. Saa ndiyo kitu pekee anachoweza kukichagua akiwa hapa.

#8 Mama_Nazi
Mnabishana saa na upepo, njaa inauma. Mgeni yeyote anayepita kivukoni aanzie Soko la Samaki la Feri, liko hatua chache tu kabla ya geti. Lilijengwa kwa msaada wa Japani, linatumika tangu 2002. Afike saa 12 na nusu hadi saa 2 asubuhi, boti zinashusha na mnada unaendelea. Saa 5 anakuta mabaki na harufu.

Namna ya kununua: zunguka kwanza bila kushika kitu. Samaki mbichi jicho lake limejaa na linang'aa, halijazama. Funua tamvua: liwe jekundu, likiwa kahawia mwache. Bonyeza mgongoni, nyama irudi juu. Kidole kikiacha shimo, huyo amelala. Changu wa kukaanga asizidi kiganja kirefu, kolekole na nguru nunua kwa kipande. Ukishanunua, unakwenda kwa waparuaji, bei yao mnakubaliana kabla kisu hakijagusa samaki. Halafu wakaangaji: samaki wako, mafuta yao, unalipia kukaanga. Ndimu na pilipili ombeni zisiwekwe mapema, zinalainisha ngozi na samaki anapoteza ukavu wake.

Viatu viwe vya kufunika vidole. Sakafu ina maji na magamba, na mikokoteni haimpishi mtu.

#9 Kinyozi_wa_Tungi
Mama_Nazi umetisha. Anaweza kumvusha huyo samaki akamle ufukweni?

#10 Mama_Nazi
@Kinyozi_wa_Tungi uliza getini kwanza. Fukwe za hoteli nyingi haziruhusu chakula cha nje, na wikiendi zina kiingilio. Baadhi wanakihesabu kwenye chakula utakachoagiza, wengine hawakihesabu. Ukiagiza kwao, agiza ukifika, kabla ya kuvua viatu. Samaki mzima wa kuchoma ni saa nzima au zaidi jikoni. Wanaoagiza baada ya kuogelea ndio hao wanaokula saa 11 jioni wakiwa wamekasirika.

#11 Foleni_Nyoosha
Na saa 11 hiyo hiyo ndiyo foleni ya kurudi. Mnaona sasa.

#12 Mdau_wa_Mwani
Naomba kuuliza wenyeji. Kuna siku ufukwe wa Mjimwema ni mweupe, na kuna siku umefunikwa majani marefu meusi yananuka mpaka barabarani. Sababu ni nini? Wageni wanadhani ni uchafu wa mji.

#13 Baharia_Kavu
Kusi hiyo. Mawimbi makubwa yanang'oa mwani huko mbele kwenye mawe na kuutupa nje. Tazama Julai, kisha tazama Januari, tofauti utaiona mwenyewe.

#14 Mwalimu_Viumbe
@Baharia_Kavu sehemu kubwa ya majani yale si mwani. Ni nyasi za baharini: zina mizizi, shina na hata maua, zinaota kwenye mchanga wa maji mafupi. Okota moja uitazame kwa karibu. Ni bapa kama utepe, na chini utakuta kipande cha shina chenye pingili na vinyweleo vya mizizi. Mwani hauna mizizi hiyo.

Ndiyo maana nadhani sababu kubwa ni bamvu. Hesabu ya #1 inaonyesha maji ya bamvu yanakauka saa 4 na saa 5 asubuhi, kwa hiyo nyasi zinabaki wazi jua likiwa linapanda kwenda utosini. Majani yanababuka, yanakatika, maji yakirudi jioni yanayabeba hadi mchangani. Kusi inakuja tu kuyasogeza.

#15 Nyavu_Halali
Msisahau kokoro. Wavuvi wakivuta wavu huo kwenye maji mafupi, kamba ya chini inalima zile nyasi kama jembe. Majani yanayoletwa ufukweni yakiwa na mizizi mizima yameng'olewa. Yakija matupu bila mizizi, basi kuna ukweli kwa Mwalimu_Viumbe.

#16 Mwalimu_Viumbe
@Nyavu_Halali hiyo ya mizizi ni alama nzuri, ila wimbi kubwa nalo linang'oa mizizi pale mchanga ulipoliwa. Haitoshi kumtia mtu hatiani.

#17 Dogo_wa_Kibada
Mimi nasema majani yapo kila siku, tofauti ni fagio. Hoteli zinazofagia alfajiri mgeni hayaoni, zisizofagia anayaona. Tembea hatua 200 kutoka mbele ya hoteli kwenda sehemu ya wazi, siku ile ile, utaona mpaka wa fagio mchangani.

#18 Mwalimu_Viumbe
Hapo umesema kweli, Dogo. Wakiyafukia badala ya kuyaondoa, yanaozea chini na ndiyo harufu ya kufika barabarani. Na wakiyaondoa yote na mchanga wake, ufukwe unapungua, kwa sababu rundo lile linashika mchanga mawimbi yanapopiga.

#19 Kinyozi_wa_Tungi
Uzi umegeuka darasa la sayansi. Mgeni wetu bado yuko geti la pantoni anasubiri.

#20 Boti_ya_Faiba
Nimvushe basi. Kutoka Mjimwema anakwenda kisiwa cha Sinda, mchanga mweupe, vichaka, na mawe ya kupiga mbizi na miwani. Sinda ni sehemu ya maeneo tengefu ya Dar tangu 1975, kwa hiyo kuna ada ya hifadhi nje ya nauli ya boti. Mambo ya kukubaliana kabla ya kupanda:

Bei ni ya boti nzima au ya kichwa. Ada ya hifadhi imo au haimo. Saa ya kurudi, itamkwe. Majaketi okozi yahesabiwe na yavaliwe, yasikaliwe. Na nahodha aonyeshe mafuta ya akiba.

Sinda hakuna maji ya kunywa wala duka. Lita 2 kwa kila mtu, kofia, na fulana ya kuogelea nayo. Mgongo wa mtu anayetazama samaki akiwa ameinama majini unaungua ndani ya saa moja, naye hasikii kwa sababu maji yanampoza.

#21 Fundi_Mizani
@Boti_ya_Faiba marekebisho kidogo: visiwa vilivyotengwa 1975 ni Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini, vyote upande wa kaskazini. Visiwa vya upande huu viliingizwa baadaye. Ada ipo, hilo ni sawa. Dai stakabadhi.

#22 Baharia_Kavu
Na boti ya Sinda iondoke asubuhi, irudi kabla ya saa 7 mchana msimu wa kusi. Kwenda unakuta maji yamelala, kurudi unalowa kuanzia nywele. Simu na pasi za kusafiria ziwe kwenye mfuko usiopitisha maji, si mfuko wa plastiki uliofungwa fundo.

#23 Mama_Nazi
Miguu pia. Kwenye mawe ya baharini kuna wale viumbe weusi wa mviringo wenye miiba mirefu kama sindano. Mwiba wake unakatikia ndani. Malapa hayafai, yanaponyoka. Vaa raba nzee au viatu vya mpira vya kufunga. Ukichomwa, loweka mguu kwenye maji ya moto ya kuvumilika, toa unaoonekana kwa kibano, usichimbechimbe. Ukiwa umeingia kwenye kiungo nenda zahanati.

#24 Mjukuu_wa_Mbwamaji
Mnampeleka mgeni majini tu. Gezaulole mmeiruka wote. Pale ndipo ilipokuwa Mbwamaji, mji wa kale wa Waswahili, mkubwa wakati Dar es Salaam haijawa Dar es Salaam. Yapo mabaki ya msikiti na makaburi ya zamani ya mawe ya matumbawe na chokaa, karibu na ufukwe, chini ya mibuyu. Kijiji chenyewe kikawa miongoni mwa vijiji vya mwanzo vya ujamaa. Hiyo historia haipo Masaki.

Kufika: bajaji au daladala ya kuelekea kusini kutoka kivukoni, shuka Gezaulole, ulizia ofisi ya serikali ya mtaa. Jitambulishe, sema umeleta mgeni kuona makaburi, watakupa mtu wa kuwaongoza. Mpeni cha maji ya kunywa bila kuombwa. Nguo za kufunika mabega na magoti, taulo la ufukweni halitoshi. Msikanyage makaburi, msikae juu ya kuta, msiegemee: chokaa ile imeshikana kwa shida, mkono mmoja unaangusha kipande kilichosimama miaka mamia. Na vigae vya vyungu mnavyoviona chini vibaki chini. Kigae kikishatoka mahali pake, hakuna mtaalamu atakayejua kilikuwa na kaburi gani.

Nendeni saa 3 asubuhi siku za bamvu. Maji yamekauka hata hivyo, hamkosi chochote baharini.

#25 Mpwani_wa_Mjimwema
@Mjukuu_wa_Mbwamaji hiyo sentensi ya mwisho ndiyo niliyokuwa naitafuta tangu #1.

#26 Dogo_wa_Kibada
Na yale matangi makubwa mgeni akiuliza tunamjibu nini? Wengi wanauliza wakiyaona njiani.

#27 Fundi_Mizani
Mafuta. Bomba la TAZAMA linaanzia Kigamboni na kwenda hadi Ndola, Zambia, kilometa 1,710, lilikamilika 1968. Mweleze, lakini asipige picha. Cha kumwonyesha kwa uhuru ni chuo kilicho jirani na kivuko: Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, kilichoanza 1961 kama Chuo cha Kivukoni. Makada wengi wa nchi hii walipita pale.

#28 Mlinzi_wa_Kasa
Kama mgeni ana siku mbili, ashuke kusini zaidi, Kimbiji hadi Ras Kutani, kilometa 30 na kitu kutoka kivukoni. Kwenye fukwe hizo kasa wanataga. Mayai yanakaa mchangani siku 50 hadi 60, kisha vitoto vinatoka na kukimbilia majini. Usiende kuyatafuta mwenyewe usiku na tochi. Mwanga mweupe unamgeuza mama kabla hajataga, na vitoto vinafuata taa badala ya bahari. Nenda na wale wanaolinda viota kijijini, simama nyuma yao, simu izimwe mwanga. Agosti hadi Oktoba tazama baharini pia, nyangumi wa nundu wanapita, na kutoka juu ya mwinuko unaona pumzi yao ikiruka.

Barabara ya mwisho ni mchanga. Gari dogo lisilo na nguvu ya magurudumu yote linazama, hasa baada ya mvua. Ukizama usikanyage mafuta kwa nguvu, unachimba. Punguza upepo wa matairi, ondoa mchanga mbele ya gurudumu, toka polepole.

#29 Mdau_wa_Mwani
Shukrani kwa wote. Jumamosi ijayo mwezi utakuwa wa siku 15, wageni ni watu wazima wawili na watoto wawili, tunatoka Posta. Nipangieni.

#30 Mpwani_wa_Mjimwema
Siku 15 ni bamvu. Feri saa 1 asubuhi, soko na chai. Vukeni saa 2 na nusu kwa miguu. Gezaulole saa 3 na nusu hadi saa 5. Rudini Mjimwema, agizeni chakula, kaeni kivulini. Ufukwe unatazama mashariki, kwa hiyo kuanzia saa 8 kivuli cha mivinje kinalala upande wa bahari, ndipo watoto waingie majini. Tokeni majini saa 10 na nusu.

#31 Foleni_Nyoosha
Saa 10 na nusu umewachelewesha. Saa 9 na nusu wawe wamekauka.

#32 Baharia_Kavu
Wakiondoka saa 9 na nusu wameyakosa maji yakiwa juu kabisa. Waanze saa 7 na nusu, maji tayari yanapanda. Ila na watoto hao: hakuna waokoaji pale. Mtu mzima mmoja awe majini upande wa nje, kina zaidi ya mtoto, uso ukitazama ufukweni. Mkondo ukimvuta mtu asishindane nao kurudi moja kwa moja. Aogelee sambamba na ufukwe mpaka uache kumvuta, ndipo arudi.

#33 Foleni_Nyoosha
Basi warudi kwa daraja. Bajaji hadi Kibada, daladala ya kupitia Kurasini, washukie Posta au Kariakoo.

#34 Dogo_wa_Kibada
Hayo nilisema #4 mkanirekebisha meta.

#35 Mama_Nazi
Dogo, meta zilikuwa zimezidi. Mdau, salio la N-Card liwe la watu wanne kwenda na kurudi, hata kama mnakusudia daraja.